Lango Lisilojua Majina

Mimi ni mwalimu wa kemia.
Ruta ya shule nilikabidhiwa kwa kosa moja:
nilionekana nikisoma karatasi ya maelekezo
mpaka ukurasa wa mwisho.

Tangu Jumanne majina yamekufa.
Watoto wanaandika jina la wanakotaka kwenda,
herufi kwa herufi, bila kukosea hata nukta,
na kioo kinawajibu: hakuna mahali hapo.
Mkuu wetu, Bwana Gocha, amesema ni waya,
theluji imeuangusha kule bondeni,
huku juu Svaneti tumezoea,
tusubiri Aprili.

Leo Ijumaa nimengoja wote waondoke.
Nikaita kwa namba, tarakimu tupu na nukta kati yake:
ikaitika. Mara nne, ikaitika.
Nikaita kwa jina:
kimya.

Basi njia haikufa.
Njia ipo, imelala wazi usiku kucha
kama barabara iliyokwisha kufagiwa theluji
ila vibao vyake vyote vimeng'olewa.

Nikalifungua lango kwa nywila
iliyoandikwa kwa penseli chini ya kitako chake.
Nikaona: kila jina tuliloliuliza
lilipelekwa kwa seva moja, moja tu, mjini Kutaisi,
ya kampuni iliyofilisika
ikazima mitambo Jumanne bila kuaga.
Siku nne lango letu limesimama pale,
mlango wa hamsini na tatu,
hodi, hodi,
kwenye nyumba iliyohamwa.
Lilingoja, likachoka, likarudi mikono mitupu,
likatumwa tena.

Nilitaka kucheka.
Nami niliwahi kufanya hivyo, miaka miwili,
kwa mtu mmoja wa Batumi.
Tuyaache.

Nikafuta ile ya Kutaisi.
Nikaandika seva mbili za mbali,
moja sijui iko nchi gani,
nyingine sijui hata ng'ambo ya bahari ipi.
Hulazimiki kujua, nikaliambia lango.
Usilolijua, uliza.
Ukijibiwa, mrudishie aliyekutuma.

Kumbe mlangoni kuna mtu.
Bachana wa darasa la tano, kofia mkononi,
viatu vyake vimeshaacha dimbwi sakafuni.
Mama yake anaogesha wazee wa watu huko Bari, Italia,
na Ijumaa jioni ndiyo saa yake ya kupumzika.

"Mwalimu Tsiala, limepona?"
"Halikuwa linaumwa. Lilikuwa linamuuliza asiyekuwepo."

Akaandika jina.
Taa ya kijani ikapepesa mara moja,
na swali likashuka bonde, likapita chini ya madaraja
na chini ya miji iliyowasha taa mapema,
likafika kwa wasiotujua.
Huko hawakumwona Bachana.
Hawakuona kofia, hawakuona dimbwi.
Waliliona lango tu, linauliza
kama kwamba linajiulizia lenyewe,
kama mtu anayenunua dawa dukani
bila kumtaja mgonjwa.

Jibu likaja: tarakimu, nukta, tarakimu.
Na pembeni yake muda wa kulikumbuka,
sekunde mia tatu.
Zikiisha, lango husahau,
tena halioni haya,
huenda kuuliza upya lile lile
kana kwamba halijawahi kuambiwa.

Uso wa mama ukatokea, vipande vipande kwanza,
paji la uso, kisha kidevu,
halafu mzima.

Bachana aliutazama kwa muda.
"Umekata nywele," akasema.
"Hukuniambia."

Nikatoka kwenda kufunga dirisha la maabara,
ambalo lilikuwa limefungwa.